Grini zangu za Arusha nazitibu kuanzia chini

Wachezaji wengi wa gofu huihukumu grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo la kuingizia mpira, kwa rangi. Mimi rangi naiangalia mwisho. Grini inaweza kung'aa kijani mwezi wa Mei, masika yakiwa bado yanamwaga, halafu ikifika Julai imeparara, ina utando unaoteleza, na mpira unadundadunda badala ya kubingirika. Ugonjwa ulikuwepo tangu Mei, ila ulikuwa chini.

Klabu ninayofanyia kazi iko pembezoni mwa Arusha: mashimo 9, bajeti ya kubana. Nyasi za grini ni Tifdwarf, jamii ya ukoka iliyoanza kusambazwa mwaka 1965 kutoka kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia, nchini Marekani. Huvumilia kukatwa chini sana, milimita 4 hivi, lakini hutaka jua na joto. Huku kwetu, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wingu la Meru laweza kutufunika hadi mchana kuanzia Juni hadi Agosti. Ukoka hulala miezi hiyo, kwa hiyo kazi yote nzito lazima iishe kabla haujalala.

Nilipokabidhiwa uwanja, nilinoa kipande cha bomba, nikakididimiza kwenye kila grini na kutoa kigogo cha udongo. Juu palikuwa na sponji ya vikonyo vilivyokufa, chini yake tabaka jeusi linalonuka yai viza. Mizizi hai iliishia hapo hapo. Harufu ile maana yake udongo umekosa hewa, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanatoa gesi ya salfa. Kumwaga mbolea juu ya udongo wa namna hiyo ni hasara. Dawa ya kuvu ni hasara ya bei ghali zaidi.

Hewa ilikuwa imezibwa na miguu na maji. Miguu inaeleweka, maji ndiyo yenye hadithi. Visima vingi vya upande huu wa Meru vina floraidi nyingi, ndiyo maana wengi tuliokulia huku tuna meno ya kahawia, ila nyasi zangu hazikuwa na ugomvi na floraidi. Ugomvi ni sodiamu inayokuja pamoja nayo. Sodiamu husambaratisha chembe za udongo, chembe zikaziba vinjia vya hewa, maji yakabaki yametuama juu. Dawa yake ni jasi, na haitoki mbali: inachimbwa Makanya, wilayani Same. Kalsiamu ya jasi huiondoa sodiamu mahali ilipong'ang'ania, lakini lazima yawepo maji mengi ya kuiosha ishuke. Kwa hiyo naimwaga masika yakikaribia. Mvua haina chumvi, wala haina bili.

Kabla ya jasi ni kutoboa. Mashine hatuna. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Unga Limited alitutengenezea uma nzito zenye mabomba matupu ya nusu inchi, zinazoshuka sentimita 8 hadi 10 na kupanda na udongo wake. Vigogo vyenye nyasi safi tulivipanda kwenye kitalu nyuma ya karakana. Siku grini ikipata jeraha, kiraka kipo.

Halafu mchanga, na hapo sikubali njia ya mkato. Mchanga wa mito yetu huja na vumbi la volkano, na ukiuweka hivyo hivyo utaziba matundu uliyotoka kuyatoboa. Naujaza nusu chupa, naongeza maji, natikisa, naiacha itulie usiku kucha. Tope likijitenga juu, mchanga unarudi kuoshwa. Ukishakauka tunauchekecha, tunaumwaga na kuusugua kwa fagio na zulia kuukuu hadi matundu yajae.

Kazi hii naifanya Februari, joto likiwepo, na ukoka huyafunika matundu baada ya wiki mbili tatu. Lakini waeleze wanachama hivyo uone. Mzee mmoja wa siku nyingi alinikuta katikati ya kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, grini yetu mmeigeuza chekecheo?"

Sikubishana. Nilimpa kigogo cheusi anuse. Alinusa, akakunja uso, akauliza grini namba 3 tutaitoboa lini. Siku hizi yeye ndiye wakili wangu kwenye kamati. Wengine hunijia kila Aprili, wametoka kutazama Masters, mashindano makubwa ya gofu ya Augusta, Marekani, kwenye televisheni, wanataka mpira ubingirike kwa kasi ya Augusta. Nyasi za grini za Augusta ni za nchi za baridi, na Aprili yangu mimi ni masika!

Kazi za kila siku hazina siri. Kisu kisichokata gazeti vizuri hakikati nyasi, kinazichana. Maji ni ya alfajiri, mengi kwa mara chache. Urea gramu 5 kwa mita ya mraba, iliyoyeyushwa na kusindikizwa na maji, kila wiki mbili wakati wa joto. Makedi, wanaobeba vifaa vya wachezaji, wanajua kuziba vishimo vinavyoachwa na mpira ukidondoka kwa kusukuma kingo kuelekea katikati, bila kuinua udongo wa chini.

Juni ikiingia napandisha visu hadi milimita 5. Watu hulalamika grini ni nzito, mpira hauendi. Waache walalamike, jani refu kidogo linakamata jua dogo lililopo. Urea nasimamisha. Kabla ya kukata, kijana hupita na mwanzi mrefu kupangusa umande, maana majani yakibaki na unyevu hadi saa nne tunaikaribisha kuvu inayoacha madoa ya ukubwa wa sarafu.

Grini namba 7 ndiyo imebaki nyuma, kwa sababu ya jakaranda zilizoko mashariki yake. Wanachama wanazipenda kuliko grini yenyewe, kwa hiyo sikuomba zikatwe. Niliomba matawi ya chini yapunguzwe na mtaro uchimbwe wa kuzuia mizizi inayotuibia maji. Matawi kamati imekubali, mtaro wamesema mwakani. Kwa sasa, Julai ikifika, shimo naliweka upande wa magharibi ambako jua linawahi, na upande wa miti nauzungushia kamba usikanyagwe.