Kulabu kwenye kijiko cha trekta

Hatimaye kijiko cha mbele cha trekta langu kina kulabu mbili za minyororo, na katikati yake soketi ya kupachikia kichwa cha kuvutia tela. Kwa mtu asiye na shamba ni vyuma vitatu tu. Kwetu huku Mufindi, ambako haipiti wiki bila gogo la kuhamisha, ni nafuu kubwa kwa migongo ya vijana wanaofanya kazi nami.

Trekta lenyewe ni dogo, la mtumba kutoka Japani, na mikono yake ya mbele imeandikwa kunyanyua kilo 400. Gogo la msonobari lenye urefu wa mita 4 na kipenyo cha sentimita 30, likiwa bichi, linakaribia kilo 270. Kwa hiyo uwezo upo. Shida ilikuwa namna ya kulishika. Ukilibeba ndani ya kijiko linaviringika, na ukizungusha mnyororo kwenye mdomo wa kijiko, mnyororo unateleza upande mmoja na bati linaanza kujikunja. Kila gogo lilipoyumba nilikuwa namtazama kijana aliyesimama pembeni, moyo juu.

Mahali pa kuweka kulabu ndipo tulipobishana zaidi na fundi. Yeye alitaka kulabu moja, katikati ya ukingo wa juu.

“Dada, hapa katikati mzigo unakaa sawa, hauegemei upande.”

“Fundi, hebu pagonge kwa nyundo kwanza.”

Akagonga. Katikati bati lililia kama debe tupu. Akasogea pembeni, kwenye usawa wa mikono ya trekta, sauti ikawa nzito na fupi. Hakusema kitu, alichukua chaki akaweka alama mbili pale penye sauti nzito. Kijiko ni bati lililokunjwa, na nguvu yake iko kwenye kuta za pembeni na pale mikono inapofungwa. Hata kulabu nene namna gani, ukiichomelea kwenye bati jembamba itang'oka na kipande cha bati. Nimewahi kuona hivyo kwenye uwanja wa mbao: kulabu nzima kabisa, imelala chini na bati lake. Hakuna aliyeumia siku ile, lakini tangu hapo naangalia kwanza kilicho nyuma ya kulabu.

Kwa hiyo tulianza na chuma cha pembe, milimita 75 kwa 75, unene wa 8, kilicholazwa juu ya ukingo kutoka ukuta hadi ukuta. Kulabu zikakaa juu yake, kila moja mbele ya mkono wake, midomo ikitazama nyuma kwa dereva ili mzigo unapovuta mbele, pete ya mnyororo izidi kuzama ndani. Ni kulabu zilizofuliwa kwa chuma kinachokubali kuchomelewa. Zile zinazong'olewa kwenye minyororo ya kunyanyulia tuliziacha, maana zimekomazwa kwa moto na joto la kuchomelea linaziharibu. Ukingo wa chini wa kijiko, ule unaochota udongo, nao hatukuugusa. Ni chuma kigumu, na ukichomelea bila kukipasha moto kwanza, nyufa huanzia hapo.

Nilikaa gereji kazi yote. Fundi alifungua waya wa hasi wa betri, akasaga rangi mpaka chuma kikang'aa, halafu akabana waya wa ethi kwenye kijiko chenyewe, karibu na anapochomelea. Ukiubana nyuma kwenye trekta, umeme utapita kwenye pini na silinda za haidroliki kutafuta njia. Alitumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018 vilivyotunzwa pakavu, akichoma kipande kifupi upande huu, kisha upande wa pili, bati lisije likapinda kwa joto. Alipomaliza mshono wa kwanza aligonga kwa kinyundo, gamba likatoka lote kwa mkupuo mmoja, na chini yake mshono umelala sawa, mistari midogo midogo imefuatana mpaka mwisho. Nilifurahi mno kuuona mshono ule.

Soketi ilituchelewesha kidogo. Tulitumia bomba la mraba la 60 kwa 60, unene wa milimita 4, ambalo ndani linabaki 52. Shina la kichwa cha kuvutia tela, la milimita 50, linaingia bila kulegea sana. Lakini mabomba haya yana mshono kwa ndani, na shina lilikwama pale pale. Ikabidi fundi akae na tupa ndefu mpaka likapita. Tundu la pini ni la milimita 16. Sasa naweza kulisukuma tela ndani ya ghala huku nikiliona mbele yangu, badala ya kugeuza shingo na kurudi nyuma kwa kubahatisha. Hili, kwa kweli, nimelipenda kuliko nilivyotegemea.

Mnyororo nao una habari yake. Nimenunua wa milimita 8 wa daraja la 8, namba imepigwa kwenye pete zake, wenye kiwango cha tani 2. Ile minyororo isiyo na alama yoyote tunaiacha ifunge mageti. Nimewaonyesha vijana pia kwamba miguu miwili ya mnyororo ikipanuka hadi nyuzi 120 katikati yake, kila mguu unabeba sawa na mzigo mzima, ndiyo maana nataka mnyororo mrefu na pembe nyembamba.

Visiki hatung'oi kwa kulabu hizi. Kisiki huvutwa kwa nyuma, kwenye upau wa chini ya ekseli. Mikono ya mbele imetengenezwa kunyanyua, ukiivuta kwa upande inapinda. Na mzigo unaoning'inia unasafirishwa chini chini, karibu na ardhi, kukiwa na uzito wa kutosha nyuma ya trekta. Ekseli ya mbele ya trekta kama hili inachezea kwenye pini moja ya katikati, kwa hiyo gogo likiwa juu na gurudumu likaingia shimoni, trekta linalala mapema kuliko macho yanavyodhani.

Nimeandika KILO 300 kwa rangi nyeupe mbele ya kijiko, pungufu ya kilichoandikwa kiwandani. Anayefunga mnyororo ndiye anayetoa ishara, na mimi sinyanyui mpaka awe amesogea na nimeiona mikono yake yote miwili. Jumamosi tunaanza na magogo yaliyo karibu na barabara, yale mafupi kwanza.