BIOS inaiona diski, Windows haiioni: shajara ya laptopu ya mdogo wangu

Ijumaa usiku

Mdogo wangu ameniletea laptopu yake ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha 11, RAM GB 8. Chuo kinafunguliwa wiki tatu zijazo. Diski iliyokuja nayo ni ya GB 256, imejaa mafaili ya mtu tusiyemjua. Tumekubaliana niitoe, niweke mpya ya GB 512, kisha nipige Windows upya. "Kaka, kesho jioni itakuwa tayari?" Nikamjibu itakuwa tayari kabla hata ya jioni. Naiandika hapa kauli hiyo ili siku nyingine nijizuie.

Jumamosi

Mfuniko wa chini umetoka bila kuvunja kishikizo hata kimoja, jambo ambalo kwangu ni nadra. Diski za M.2 (zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi ya laptopu) ukizichomeka husimama mshazari, ncha juu, mpaka uzikandamize chini na kuzifunga kwa kiskrubu kidogo kama punje ya mchele. Kiskrubu hicho kilinidondoka mara mbili, na mara ya pili nilikitafuta kwa tochi ya simu huku nimelala kifudifudi sakafuni.

Nilikuwa na flashi ya Windows 10 tangu mwaka jana. Najua msaada wake umekwisha tarehe 14 Oktoba 2025, ila mashine hii inakubali Windows 11, nitaipandisha baadaye. Bando la kupakua ISO nyingine (faili la kusakinishia Windows) leo sina. Flashi ikawaka, nikachagua lugha, nikakubali masharti nisiyoyasoma, nikafika pale inapouliza uiweke wapi. Orodha tupu. Chini yake maneno kwamba hakuna diski iliyopatikana, bofya upakie draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa.

Nikabonyeza Shift na F10 kupata lile dirisha jeusi, nikaandika diskpart, halafu list disk, amri za kuorodhesha diski. Ukatoka mstari mmoja: Disk 0, GB 14. Nilifurahi kwa sekunde mbili hivi, kisha nikakumbuka kuwa hiyo ni flashi yenyewe, ya GB 16.

Basi nikafungua tena mfuniko. Nikachomoa diski, nikafuta meno yake kwa kitambaa kikavu, nikairudisha. Nikakagua na pengo lake, maana kuna aina mbili: M.2 za SATA (za polepole) mara nyingi zina mapengo mawili na za NVMe (za kasi zaidi) zina moja, na kuna mashine zisizokubali aina zote. Pengo moja, sawasawa na ile ya zamani. Nikawasha, tupu vilevile. Ilipofika saa tatu usiku nilikuwa nimeshatoa hukumu: nimeuziwa diski mfu.

Jumatatu

Kariakoo, na jua lake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kabisa. Muuzaji hakubishana. Alichukua diski, akaitia kwenye kasha la USB, akaichomeka kwenye kompyuta yake, ikatokea. Akanakili faili kubwa la video, likaingia lote, akalifuta.

"Mkuu, diski nzima hii. Kwani BIOS inaiona?"

Sikuwa na jibu. BIOS ni ile programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows, nami sikuwa nimeiangalia.

Nimerudi nyumbani, nimewasha, nimegonga F2. Ukurasa wa kwanza tu: modeli ya diski, namba yake ya mfululizo, kila kitu kimeandikwa pale wazi. Ilikuwa inaonekana tangu Jumamosi. BIOS isingeiona, basi kweli ni kazi ya bisibisi: diski haijakaa, tundu limeharibika, aina siyo, au imekufa. Ila BIOS ikiiona na Windows isiione, hata ukifungua mfuniko mara kumi hupati kitu. Mara nyingi kinachokosekana ni draiva. Mimi nilishafungua mara tatu.

Jumanne

Kujiridhisha, nimewasha mashine kwa flashi ya Linux Mint 21, mfumo endeshi mwingine usio Windows, bila kusakinisha chochote. Nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Hiyo hapo: nvme0n1, 476.9G. (Mdogo wangu alikuwa pembeni, akauliza GB 35 nyingine zimeenda wapi. Hazijaibwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024.)

Diski moja, mashine moja, Mint inaiona na Windows haiioni. Nikaandika lspci, inayoorodhesha vifaa vya ndani, nikapitia mistari mmoja mmoja, nikakuta maneno Volume Management Device. Hapo ndipo fundo likafunguka.

VMD (kifupi cha maneno hayo) ni teknolojia ya Intel. Ilianzia kwenye seva za Xeon, ambako diski za NVMe hupangwa nyingi na huchomolewa huku mashine ikiendelea na kazi. Badala ya mfumo endeshi kuzungumza na diski moja kwa moja, diski zinawekwa nyuma ya kidhibiti kilichomo ndani ya prosesa, nacho ndicho kinachozungumza. Kizazi cha 11 cha laptopu kilipotoka mwaka 2020 kikaja na kitu hichohicho. Kwa hiyo mfumo usio na draiva ya VMD unabisha hodi, mlango unauona, waliomo ndani hauwaoni. Kerneli (kiini) ya Mint hii inayo draiva hiyo. Flashi yangu ya Windows 10 haina. Na ile Windows iliyokuja na laptopu ilikuwa ikiwaka vizuri kwa sababu ilishapewa draiva mapema, ndiyo maana hakuna aliyelishuku jambo hili.

Kwa nini laptopu yenye tundu moja la diski ipewe kitu cha kupangia diski nyingi, mimi sioni maana yake.

Jumatano

Nimepakua draiva ya Intel RST, kifurushi chenye draiva ya VMD. Nikainakili kwenye flashi kama ilivyo, SetupRST.exe, nikarudi kwenye Windows, nikabofya pa kupakia draiva, nikaonyesha folda. Haikupata kitu. Nimejaribu mara mbili, mara ya pili kwa kubofya kwa nguvu zaidi.

Kumbe hapo hakihitajiki kile kifurushi, yanahitajika mafaili ya ndani yake, hasa lenye mwisho wa .inf. Kwenye kompyuta ya ofisini nimefungua dirisha la amri ndani ya folda lilipo faili, nikaandika:

SetupRST.exe -extractdrivers RST

Likazaliwa folda RST, ndani yake kuna folda ya VMD, na humo faili iaStorVD.inf. Nimehamisha folda nzima kwenye flashi. Safari hii ukatokea mstari Intel RST VMD Controller 9A0B, nikabofya endelea, na orodha ikajaa: nafasi isiyogawanywa, GB 476.9. Nilimwita mdogo wangu aje aone. Alitazama, akasema "sawa", akarudi jikoni.

Alhamisi

Sikumalizia jana, kwa makusudi. Nilijiuliza: siku huyu binti yuko chuoni Windows ikaharibika, fundi wa huko akaja na flashi ya kawaida, atakwama palepale nilipokwama, na pengine atamuuzia diski mpya. Mashine ina diski moja, RAID (kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) hatumii. Bora VMD izimwe kabisa.

Ila kwenye BIOS hakuna mahali pa kuizima. Nimepitia kurasa zote. Ikabidi nimpigie rafiki yangu fundi. "Nenda ukurasa wa Main, shika Ctrl, bonyeza S." Nikabonyeza, na mstari wa VMD ukachomoza pale ambapo hapakuwa na kitu. Si laptopu zote zinauficha hivi. Kwenye nyingine uko wazi, mara nyingi ndani ya Advanced. Nimezima, F10, kuhifadhi. Nikatumia flashi ileile ya Jumamosi bila draiva yoyote, na diski ikaonekana.

Jambo hili nimelifanya kwa kuwa diski ni mpya na haina kitu. Kama Windows imeshasakinishwa huku VMD imewashwa, ukiizima ghafla unaweza kukutana na skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ikikutokea rudisha VMD kama ilivyokuwa, kwa kawaida inawaka tena. Na kama kuna BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, itakudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukufungulia chochote, kwa hiyo utafute ufunguo kwanza ndipo uguse BIOS.

Ijumaa

Windows imeingia. Nimeacha GB 100 tupu kwa ajili ya Mint, ingawa mwenye laptopu hajaiomba. Diski ya zamani nimeifuta yote na kuitia kwenye kasha la USB nililonunua kwa yule muuzaji wa Kariakoo. Hakunitania, ila alitabasamu.

Umeme umekatika Windows ikiwa inajisasisha, na betri iko asilimia 31. Kupanda kwenda 11 kutasubiri kesho.