Dawa ya mti, chumvi yake na masika ya Pemba

Mtu akija dukani kwangu hapa Chake Chake kunisifia gome au mzizi wenye dawa, mie humuuliza: hiyo dawa ikishatolewa mtini, mtaiweka kwenye chumvi gani? Wengi huniona msumbufu.

Dawa nyingi za mimea ni alkaloidi, yaani besi (kinyume cha asidi), na nyingi zenyewe haziyeyuki vizuri majini. Zikikutana na asidi huwa chumvi ya kikemia, si ile ya jikoni, nayo hutulia kuwa fuwele. Kwinini, dawa ya malaria waliyoitoa wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou kwenye gome la mti wa sinkona mwaka 1820, ya vidonge kwa kawaida ni salfeti. Ya sindano ni dihaidrokloridi, kwa kuwa hiyo huyeyuka sana. Asidi nayo ina uzito wake: kidonge cha miligramu 300 za kwinini salfeti kina kwinini yenyewe karibu miligramu 250 tu.

Kwenye unyevu, mfano wangu ni berberini, ile ya manjano ipatikanayo kwenye mizizi ya vichaka vya Berberis. Imezoeleka kuwa kloridi. Ioni ya kloridi, yaani chembe yake yenye chaji, ni ndogo na inapenda maji. Hewa ikilowa, molekuli za maji huingia ndani ya fuwele na kukaa humo, mbili au hata nne kwa kila moja ya berberini. Kwa macho unga ni ule ule. Lakini zikiingia nne, karibu sehemu moja kati ya sita ya uzito unaoupima ni maji! Ndiyo maana wanakemia huiondoa kloridi na kujaribu asidi za kikaboni, ambazo ioni zake ni kubwa na hujipanga na berberini bila kuacha nafasi. Si kila asidi inafaa. Nyingine huvuta maji zaidi.

Kupima kama unga unavuta maji si lazima uwe na mashine ya mamilioni. Koroga chumvi safi ya mezani na maji kidogo iwe uji, weka kwenye chombo kinachoziba, na unga wako juu yake kwenye kisahani. Hewa ya humo itasimama kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi, kiwango kile kile kinachotumika, kwa nyuzi 30, kujaribia dawa za nchi zenye joto na unyevu mwingi. Usiku wa masika kwetu hupita hapo. Chumvi ya bahari isiyosafishwa haifai: ina magnesiamu kloridi, inayoanza kunywa maji ya hewa kwenye asilimia 33 tu. Ndiyo inayolowesha kopo lako la chumvi jikoni.

Wapo wanaoniambia suluhisho ni kuifungasha dawa vizuri. Kweli, pakiti ya aluminiamu pande zote mbili naikata na kila kidonge kinabaki kimezibwa. Vidonge vya kopo ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Navihesabu kwenye kibahasha cha karatasi, na bibi hajafika Micheweni keshakifungua kumwonesha jirani yake garini.