Harufu ya karafuu: siku moja ya msimu, bila tembo

Saa kumi na nusu alfajiri. Mikono kwanza. Kabla sijawasha taa nainyoosha mbele yangu kizani. Siioni, naisikiliza tu. Zamani saa hizi ilikuwa ikitetemeka hata kibiriti hakiwashiki, na dawa yake, tembo, pombe ile ya mnazi, ilikaa uvunguni ndani ya kidumu. Leo imetulia. Nasema maneno niliyotoka nayo soba, nyumba ya wanaoacha ulevi kule Unguja: leo tu. Ya kesho sijaahidi.

Msikitini nakaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Mwaka jana mzee mmoja alikuwa akijisogeza kila nikikaa ubavuni mwake. Siku hizi ananipa mkono. Hajasema kitu, nami sijauliza.

Saa kumi na mbili na nusu. Chai ya mkandaa na muhogo wa kuchemsha. Nakula hata roho isipotaka, maana soba tulifundishwa kuogopa vitu vinne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Kimoja kikikupata, jiangalie. Viwili vikikutana, mtafute mtu. Huku Pemba msimu wa karafuu unakupa vyote vinne kabla ya adhuhuri, lakini ndiyo kazi ninayoijua.

Saa moja na robo tuko shambani. Polo la kutilia karafuu begani, kigoe cha kuvutia matawi mkononi, kamba kiunoni. Mwenye shamba hapitishi siku bila kutukumbusha kwamba Unguja ndiyo iliyokuwa na mikarafuu mingi, mpaka kimbunga cha 1872 kilipoilaza chini na Pemba ikashika nafasi. Hulisimulia kama jambo la wiki iliyopita. Mie namwitikia huku nikitazama matawi. Mti huu ni mrefu na tawi lake halipindi, hukatika ghafla. Misimu minne nyuma nilipanda nikiwa nimeshakunywa viwili vitatu vya asubuhi "kutuliza mkono", nikaanguka nikavunjika mkono huohuo niliokuwa nautuliza. Watu walisema husuda. Nami nikawaacha waseme, husuda haina harufu.

Saa nne, uji. Hapa ndipo siku yangu ilipokwama.

Kuna kijana ameanza kazi juzi. Ameshika kikombe kwa mikono miwili na uji unamwagika. Akimaliza anachukua chembe tatu za karafuu kavu mfukoni, anatafuna. Tumezungukwa na karafuu mbichi magunia kwa magunia, yeye anatafuna kavu alizokuja nazo kutoka nyumbani.

"Jino, mdogo wangu?"

"Jino, kaka. Linanisumbua usiku."

"La juu au la chini?"

Akacheka, akatazama pembeni. Jino lile nalijua. Mie mwenyewe niliumwa nalo miaka tisa. Karafuu ndiyo iliyonificha kwa mke wangu, mpaka akaijua na akarudi kwao, na ndiyo iliyonificha kwa mwalimu wa mwanangu siku niliyoitwa skuli. Mlevi wa Pemba ana bahati mbaya hiyo: dawa ya kuficha harufu inaota mlangoni.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anaacha. Jana hakugusa, na leo hagusi. Alidhani nitampongeza. Nikashtuka, maana mie nilipoacha peke yangu mara ya kwanza nilijifungia chumbani kwa aibu. Siku ya pili nikaanguka nikakakamaa, povu mdomoni. Nyumbani wakasema nimepandwa na shetani, nikasomewa, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Sidharau kisomo, mama yangu aliniombea na namshukuru. Lakini hospitali ndiko nilikoelezwa: ubongo uliozoea pombe kila siku kwa miaka umezoea kutulizwa, ukiondoa kitulizo ghafla unapandwa na kasi. Kifafa cha namna hiyo mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine siku ya pili hadi ya nne huona vitu visivyokuwepo, huchanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Nililazwa, nikapewa dawa ya kutuliza wakawa wanaipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1.

Nikamwambia: "Kuacha, acha. Lakini usiachie juu ya mkarafuu. Leo hupandi."

"Nitakula nini, kaka?"

Swali la haki. Nikaenda kumwombea kwa mwenye shamba abaki chini akianika majamvini, nikasema ana kizunguzungu. Si uongo. Jioni dada yangu atampeleka hospitali pamoja na mama yake, nimeshampigia simu. Kijana alikubali nusu nusu. Nusu ile nyingine siwezi kumkubalia.

Adhuhuri, wali na samaki. Mvua ikanyemelea upande wa bahari, tukakimbia kukunja majamvi, ikapita bila kudondosha tone. Basi.

Saa kumi na nusu. Kupimiwa. Tunalipwa kwa pishi, na leo mkono wangu umefanya vizuri. Pesa yangu haipiti kwangu. Mwenye shamba humkabidhi dada yangu, anayekuja jioni kuchambua, mie nabaki na nauli. Wako wanaocheka mwanamume wa miaka arubaini kutunziwa mshahara na dada yake. Nawaacha wacheke. Wanaocheka sana ni wale niliokuwa nikiwanunulia.

Njia ya kurudi inagawanyika penye mnazi wenye vidaraja vya kupandia, na upande wa kushoto kuna kibanda cha mgema. Tembo ni kitu cha ajabu. Likigemwa alfajiri ni maji matamu, mtoto anaweza kunywa. Halitiwi kitu, linachacha lenyewe kwa jua, na kufika alasiri ni kali. Nami ndivyo nilivyo. Asubuhi mtamu, msikitini, muhogo, leo tu. Saa kumi na moja nimeshachacha. Mchovu, nina njaa, na juu ya hayo leo nilikuwa na hasira, sikujua ya nani. Pengine ya yule kijana, kwa kunionesha sura yangu.

Nikasimama pale njia panda nikampigia sponsa wangu Unguja, mwenzangu aliyetangulia kuacha, anayenishika mkono. Yeye alikuwa mpagazi, mie mchuma karafuu, tulikutana soba. Hakunipa mawaidha. Aliniuliza nimekula nini, akaniambia nitembee huku nazungumza. Hamu ile, ukiiacha bila kuilisha, aghlabu hupungua ndani ya nusu saa au chini yake. Inakuja kama wimbi na inapita kama wimbi, ila ukiwa ndani yake huamini. Alinikumbusha tena habari ya Akron kule Marekani, 1935, walivyokaa Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wawili, wakagundua kwamba mmoja akizungumza na mwenziwe anapata nafuu. Alcoholics Anonymous ilianza hapo. "Wawili tu," akasema, "na sisi hatujapungua." Nilipokata simu nilikuwa nimeshafika kwetu, na sikumbuki kushika njia ya kulia.

Baada ya isha, uchambuzi. Tumekaa barazani tukizunguka taa, mama, dada, watoto wa jirani. Chembe huku, vikonyo, vijiti vyake, kule. Vikonyo havitupwi, vinakwenda kiwanda cha makonyo cha Wawi kukamuliwa mafuta. Dada amerudi hospitali: kijana amelazwa. Mama yake alikuwa akilia, na mara akiwalaumu majirani, mara marehemu baba yake. Hakuna aliyetaja tembo.

Saa nne za usiku. Mikono, nguo, nywele, vyote vinanuka karafuu. Mama anajua kuipambanua ya mtini na ya mdomoni, amejifunza kwa miaka tisa. Nilipoinuka kumuaga akanishika kidevu kama mtoto, akanivuta karibu na uso wake. Nikatoa pumzi.

Akanusa. Akanusa tena.

"Kalale," akasema.