Picha ya nyumba inagoma kutoka kwenye programu, au inatoka nyeusi tii

Shangazi yangu anajenga Kibaha. Juzi aliniomba nimtolee picha ya nyumba yake kwenye karatasi kubwa, A3, ampelekee fundi, maana fundi ukimwonyesha ramani anaitikia tu afu akirudi saiti anapandisha ukuta anavyojua yeye. Ramani nilishaichora mwenyewe kwenye programu ya bure ya kuchora nyumba, vyumba vitatu, sebule, baraza ya mbele, mpaka mwembe uliopo kiwanjani niliuweka. Kwenye skrini nyumba ilikua inapendeza kweli. Ilibaki kubonyeza sehemu ya kutoa picha tu, nikahesabu dakika tano, nikaja kulala saa nane usiku.

Naandika hapa kwa sababu ushauri niliopewa na kila mtu ulikua ule ule, futa programu uiweke upya, nimefanya hivyo mara mbili, bando limekwisha na tatizo liko palepale. Kumbe ile nyumba unayoizungusha kwenye skrini na ile picha inayotoka ni vitu viwili tofauti. Ya kwenye skrini inachorwa harakaharaka na kadi ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachochora skrini, mwanga wa kukadiria tu, ili uweze kuzunguka nyumba bila kuganda. Ukiiambia itoe picha nzuri, programu inaanza kuchora upya kabisa, kwa saizi nyingine na mwanga mwingine, na kwenye programu nyingi mzigo unahamia kwa prosesa, ubongo wa kompyuta, na rami, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi. Kwa hiyo skrini kuwa safi haikuambii kitu. Nenda kwenye folda, liangalie lile faili limetokaje, hapo ndo utajua pa kushika.

Mara ya kwanza folda ilikua tupu. Hamna faili kabisa, programu inasema tu imeshindwa kuhifadhi. Hapo hata haijafika kwenye kuchora, imekwama mlangoni. Windows ina ulinzi wake dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili ya watu, ukiwashwa unazuia programu isiyoifahamu kuandika kwenye folda kama Documents na Pictures, na mimi nilikua nasevu Pictures. Nikafungua folda mpya kwenye diski ya D, nikaiita picha, basi, jina fupi. Na kama folda zako zimeingiana sana, moja ndani ya nyingine na majina marefu, kumbuka programu nyingi za Windows zinaishia herufi 260 kwa njia nzima ya faili, zikipita hapo zinagoma bila kueleza vizuri.

Mara ya pili faili likatokea, nikafurahi, kuangalia saizi: KB 0. Kitu cha KB 0 maana yake mlango umefunguka, jina limekubalika, ila mchoraji kazimia njiani, na mara nyingi ni rami. Hebu piga hesabu na mimi. A3 kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 4961 kwa 3508, zaidi ya milioni 17. Lapitopu yangu skrini yake ni 1366 kwa 768, yaani kama milioni 1 tu. Nilikua naiambia mashine ya rami GB 4 ichore skrini zake 16 kwa mkupuo. Picha tupu peke yake inakula karibu MB 70, na programu ikianza kulainisha kingo inachora kubwa zaidi ya hiyo kwanza ndo inapunguza, hapo bado hujaweka nyumba yenyewe. Na kwenye nyumba kulikua na kochi nililolidaunlodi mtandaoni, zuri sana, mishono yote inaonekana, kumbe kochi lile peke yake lilikua zito kuliko kuta zote na paa. Na picha ninayoitaka ni ya nje! Kochi halionekani! Nikaficha fenicha zote za ndani, nikafunga brauza, nikashusha picha mpaka nukta 150, yaani 2480 kwa 1754, ambayo ni robo ya ule mzigo, na kwa karatasi inayobandikwa ukutani jicho haligundui.

Ikatoka. MB kadhaa, faili zima. Nafungua, nyeusi tii.

Hapa ndo nilikaa muda mrefu kuliko pote. Nikadhani draiva, ile programu ndogo inayoiendesha kadi ya grafiki, nikaisasisha, nyeusi. Nikadhani ni ile shida ya anga, maana ukitoa picha bila anga sehemu ile inabaki wazi, faili la picha la aina ya PNG linaweza kuubeba huo uwazi lakini la JPEG haliwezi, kwa hiyo programu nyingine zinaujaza weusi. Lakini hiyo ingekua anga tu, na yangu ilikua nyeusi mpaka ukuta. Nikasogeza kamera nikihofia imeingia ndani ya ukuta. Nyeusi. Sasa nikawa napitia vibonyezo vya picha kimoja kimoja, nikafika kwenye tarehe na saa, kwa sababu programu inaweka jua mahali pake kufuata saa unayoijaza. Nilikua nimejaza 4:00. Nilitaka saa nne asubuhi, jua la upande, vivuli virefu kidogo. Programu inahesabu saa za kizungu, 4:00 kwake ni saa kumi alfajiri, na saa hiyo jua halijatoka, ni giza. Kwenye skrini mwanga ulikua wa kukadiria haufuati saa, ndo maana sikuona chochote. Nikajaza 10:00 na picha ikaja, nyumba imesimama kwenye jua, mwembe una kivuli, nilishukuru Mungu kwa sauti.

Nawaomba sana mnaochora nyumba kwa saa zetu za Kiswahili, ongeza sita au toa sita kabla hujagusa draiva.

Nikamtumia shangazi WhatsApp, nikaituma kama dokyumenti sio kama picha, maana ukituma kama picha inabanwa na mistari myembamba ya madirisha inakua ukungu. Asubuhi akapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nyumba nimeiona, nzuri. Sasa hilo jua la wapi? Mwezi huu mchana kivuli cha ule mwembe kinakuja kwenye baraza, wewe umekipeleka barabarani."

Ana haki. Programu ilikua imejiwekea mji wa Ulaya, huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima, wakati Kibaha iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na mwezi wa sita jua linapita kaskazini. Mwembe uko kaskazini mwa baraza. Nikabadilisha mahali, nikarekebisha na dira ya kiwanja, nikaweka saa sita mchana yaani 12:00, nikatoa tena. Kivuli kikaingia barazani.

Ya mwisho ni umbo la picha. Karatasi za A urefu ni mara 1.41 ya upana, skrini nyingi ni 16 kwa 9, ukitoa picha ya umbo la skrini steshenari watakuachia mikanda mieupe au watakukata pembeni, na pembeni ndo kuna choo cha nje. Chagua umbo la karatasi tangu mwanzo.

Ijumaa nilipita saiti. Ile A3 fundi kaitia kwenye nailoni kaigongelea msumari kwenye banda la saruji, na kwenye baraza keshachora kwa penseli nguzo ya tatu ambayo shangazi ameiongeza.