Mizabibu Iliyowekwa Rehani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi.

Wiki hii tunasoma Nehemia 5:1-13. Sisi wa Dodoma hatuna kisingizio cha kutoielewa sura hii, maana inataja mizabibu. Watu wanajenga ukuta wa Yerusalemu huku nyumbani hakuna chakula. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate nafaka. Wengine wamekopa fedha za kodi ya mfalme. Na anayewabana si Mwajemi anayewatawala. Ni Myahudi mwenzao, wanayeabudu naye.

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimetoka Hombolo kwa shemeji yangu. Mahindi unaweza kuyaweka ndani ukangojea bei, lakini zabibu ikishaiva haisubiri mtu, na mnunuzi analijua hilo. Anakuja na bei yake mfukoni, anapakia kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo tu, anaahidi kulipa baada ya wiki mbili. Shemeji anadai tangu msimu uliopita. Nikamuuliza ni nani. Alipotaja jina nikainamia kikombe changu cha chai: ndiye aliyekuwa mgeni rasmi kwenye harambee yetu ya mabati. Tulimpigia vigelegele, tukamkalisha mbele. Mimi nilikuwa kwenye kamati iliyomwalika.

Sasa mtazameni Nehemia. Mstari wa 6 anakasirika. Wa 7 anashauriana na nafsi yake kwanza (hili tusiliruke, hasira peke yake ingemwaibisha), kisha anagombana na wakubwa, na anakusanya mkutano mkubwa juu yao. Hakuwafuata usiku kwa siri, wala hakuwaambia maskini wamwachie Mungu. Anadai warudishe hivi leo mashamba, mizabibu, na ile sehemu ya mia waliyotoza, yaani riba. Wakikubali, anaita makuhani wawaapishe. Neno lao tupu halikumtosha. Na mstari wa 10 anajitaja mwenyewe: hata yeye na ndugu zake wamekopesha.

Kuna atakayesema hiyo ni siasa. Ni kweli, Nehemia alikuwa liwali, mtu wa serikali, na kwa miaka 12 hakula chakula cha uliwali, yaani posho ya cheo chake. Nchi hii iliwahi kufikiri hivyo: Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba, hata kupokea mishahara miwili. Leo, kwa sheria ya maadili ya 1995, kiongozi wa umma anatakiwa kutamka mali na madeni yake kwa maandishi. Sisi kanisani hatujamuuliza mgeni rasmi hata swali moja. Tunasoma bahasha tu, tunapiga makofi.

Jumapili baada ya ibada kamati inakaa kupanga harambee ya madirisha. Nimeomba nafasi ya kusema kabla majina ya wageni hayajasomwa. Shemeji ameruhusu nitaje deni, kiasi hapana. Mniombee, maana mdomo wangu ni mzito, na yule bwana hunipa lifti kila mara nikienda mjini.