Yangu haina ndimu

Maneno matatu, na tangu Jumapili hayajanitoka kichwani. Baba mdogo alionja kahawa niliyompikia, akakirudisha kikombe mezani polepole. "Hii haiko yangu, Mama Ephraim." Nikamwambia: "Iko yako, Baba mdogo. Ni ile ya mfuko uliotuletea." Akatikisa kichwa. "Yangu haina ndimu."

Wiki yenyewe ilikuwa nzito: Ephraim amemaliza mtihani wa Serikali, Baba Ephraim amerudi kutoka Uvira na malaria, na umeme umekatika mtaani tangu Jumanne. Lakini mimi nikiosha vyombo nasikia ndimu, nikifunga duka la dawa nasikia ndimu. Baba mdogo amezeekea kwenye mibuni ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Mtu kama huyo akisema kahawa siyo yake, basi ama imeharibika kati ya mfuko na kikombe, ama yeye hajawahi kupewa nafasi ya kuijua. Yote mawili yanauma, na hayaumi sawa. Kwa hiyo leo naandika juu ya ndimu, yaani uchachu wa kahawa, kwa sababu ziko mbili.

Ndimu ya kwanza inatokana na utayarishaji. Punje iliyokaangwa, karibu asilimia 28 hadi 30 ya uzito wake inaweza kuyeyuka kwenye maji. Hatuhitaji yote hiyo. Mkemia wa Marekani Ernest Lockhart alilipima jambo hili miaka ya 1950, na mpaka leo wapima kahawa wanaanzia kwenye kipimo chake: kikombe kizuri kimetoa asilimia 18 hadi 22. Vitu hivyo havitoki kwa pamoja. Asidi na chumvichumvi hutangulia, utamu hufuata, uchungu mzito na kile kinachokausha ulimi huja nyuma. Maji yakipita haraka, au yakiwa vuguvugu, au kahawa ikisagwa chembe kubwa mno, unapata kilichotangulia peke yake. Huo ndio uchachu unaobana pembeni mwa ulimi, una chumvi kidogo, kisha unatoweka na mdomo unabaki mtupu.

Ndimu ya pili imetoka shambani. Kahawa ya aina ya arabika ya milima inayozunguka ziwa Kivu hukomaa polepole kwa sababu ya baridi ya usiku, na ikichumwa nyekundu, ikaoshwa vizuri na kukaangwa wastani, inabaki na asidi ya sitriki, ileile iliyomo kwenye ndimu. Uchachu huu haubani. Unakuja, utamu unaufuata nyuma, na ladha inakaa. Unajulikana zaidi kikombe kikianza kupoa, kwa sababu kahawa ya moto sana inauficha ulimi usione kitu. Usihukumu kahawa inayotoa mvuke mwingi. Ngoja dakika tano.

Sasa utazitofautishaje? Saga laini zaidi, hatua moja au mbili tu, na usibadilishe kitu kingine chochote. Uchachu ukiyeyuka na kuacha utamu, ulikuwa wa utayarishaji. Ukibaki na utamu ukaongezeka chini yake, ni wa punje. Ukisaga laini mpaka ulimi ukauke, umepita mpaka. Rudi hatua moja.

Ila jaribio hili halina maana kama kisagio chenyewe kinatoa unga na mapande kwa wakati mmoja, na hapa ndipo kahawa nyingi za nyumbani zinapofia. Kile cha umeme chenye kisu kinachozunguka hakisagi, kinakatakata. Punje iliyo karibu na kisu inakuwa vumbi, ya juu inabaki pande. Vumbi linatoa uchungu wote katika sekunde za kwanza, pande linatoa uchachu tu, na wewe unavinywa vyote viwili kwenye kikombe kimoja bila kujua ulaumu kipi. Tena vumbi linashuka na maji, linaziba karatasi ya chujio, maji yanasimama juu kama dimbwi. Kisagio cha mkono chenye meno ya chuma ya koni kinapitisha punje katika nafasi moja uliyoipima, kwa hiyo chembe zinakaribiana ukubwa. Kwa chujio nataka chembe kama chumvi ya mawe iliyosagwa wastani. Wenye kisu tu wasikate tamaa: bonyeza sekunde tatu, tikisa, bonyeza tena, mara nne au tano, halafu pepeta kwenye chujio la chai lenye matundu madogo kabisa na utupe vumbi linalopita. Utapoteza kidogo, kwa hiyo weka gramu mbili za ziada mwanzoni.

Kabla ya kusaga, lowesha ncha ya kijiko, koroga punje nayo. Tone moja au mawili linatosha. Msuguano wa kusaga unazalisha umeme tuli, ndiyo maana unga unarukia kuta za kopo na maganda membamba yanashikamana kila mahali. Unyevu huo mdogo unautuliza. Na saga kiasi cha kunywa sasa hivi. Punje nzima inahifadhi harufu kwa wiki kadhaa ikifungwa vizuri, unga unaanza kuipoteza ndani ya dakika.

Kuna sababu nyingine ya kusaga kidogo kidogo, na hii ni yetu sisi wa Maziwa Makuu. Kahawa ya Kongo, Rwanda na Burundi wakati mwingine inabeba ladha ya kiazi kibichi. Inahusishwa na mdudu aitwaye Antestia anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Kwa macho huwezi kuitambua punje hiyo baada ya kukaangwa, lakini ikivunjwa kwenye kisagio harufu inapanda palepale, kama umemenya kiazi mbele ya pua. Punje moja inaharibu kikombe kizima. Nusa kila unaposaga. Ukiisikia, tupa kiasi hicho, pitisha punje chache safi uzitupe nazo, anza upya. Aliyesaga mfuko mzima kwa mara moja hana tena cha kuokoa. Jumapili nilinusa, na kiazi hakikuwepo. Nalisema kwa kuwa najua nani ataniuliza.

Maji. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari: chemsha, ngoja nusu dakika au dakika nzima, ndipo umimine. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayawezi kufika 100 hata ukiongeza makala, yaani makaa, kwenye mbabula. Kahawa ya chujio inataka nyuzi 90 hadi 96. Maana yake hapa hakuna kungoja. Birika ikitoka motoni, mimina. Ukingoja huku ukitumia koni ya kauri iliyo baridi, ile inayoshika karatasi ya chujio, kahawa inakutana na maji ya nyuzi themanini na kitu, na ndimu mbaya inaingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo suuza karatasi na koni kwa maji ya moto kwanza: ladha ya karatasi inatoka, na koni inapata joto.

Kipimo changu hakijabadilika: gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji. Mizani, tafadhali, si kijiko. Kahawa iliyokaangwa sana imevimba na ni nyepesi, iliyokaangwa kidogo ni nzito, kwa hiyo kijiko kilekile kinabeba uzito tofauti. Gramu 45 za maji kwanza, zungusha koni taratibu mpaka unga wote ulowe, ngoja sekunde 40. Unga unavimba na kutoa mapovu. Ni hewa ya kaboni iliyofungiwa wakati wa kukaanga, na usipoiacha itoke inasukuma maji pembeni. Kisha mimina kwa duara, birika ikiwa chini, mpaka gramu 150, halafu mpaka 250. Usipige ukuta wa karatasi, maji yanayopita hapo yanashuka bila kugusa kahawa. Yote yaishe kati ya dakika 2:45 na 3:15. Kikombeni utapata kama gramu 220, zilizobaki zimenyonywa na unga. Kisha tazama machicha. Yakiwa tambarare, maji yamepita sawasawa. Yakiwa na shimo upande mmoja, maji yalijitafutia njia yao hapo na kuacha kahawa nyingine kavu. Yakiwa na tope juu, vumbi limezidi.

Karatasi zikikosekana mjini, kitambaa cha pamba kinafaa, mradi kichemshwe kabla ya mara ya kwanza, kioshwe bila sabuni na kihifadhiwe ndani ya maji safi, la sivyo mafuta ya kahawa yanachacha ndani ya nyuzi. Hata karatasi yenyewe ilizaliwa hivyo, kwa kilichokuwepo nyumbani: Melitta Bentz, mama wa Dresden, mwaka 1908 alitumia karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, juu ya chungu cha shaba alichokitoboa. Ila wazee wetu nawapa ya karatasi tu, kwa sababu inazuia mafuta yanayopandisha kolesteroli.

Haya yote niliyafanya Jumapili. Dakika tatu, machicha tambarare. Na bado: yangu haina ndimu. Nikawa nalirudia kwa sauti tofauti. Kama shutuma. Kama swali. Kama mtu aliyepotezewa kitu.

Aliyenitoa hapo ni Yaya, ndugu yangu mkubwa wa Goma, bila kujua. Nilimgawia nusu ya mfuko, ukaenda na mashua. Alhamisi akapiga simu kulalamika: "Mdogo wangu, hii kahawa imelala kabisa. Haina chachu, haina nini." Punje zilezile, siku ileile ya kukaangwa, kisagio cha aina ileile, na vipimo vyangu anavyo vyote. Kwangu ndimu, kwake hakuna kitu. Nikamuuliza anatumia maji gani. Ya bomba.

Maji ya bomba ya Goma yanavutwa ziwani. Na ziwa letu si la kawaida: maji yake ya juu yana pH (kipimo cha uasidi) karibu 9, mbali na asidi, yamejaa bikaboneti inayotokana na miamba ya volkano na chemchemi za chini. Bikaboneti ikikutana na asidi inaiua. Ndiyo kazi yake, duka la dawa tunaiuza kwa wenye kiungulia. Maji yetu ya Bukavu yanayoshuka mlimani ni mepesi kuliko hayo, yanaiacha asidi ionekane. Nikamwambia asitumie ya mvua, kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo unaingia humo. Achukue ya chupa, asome nyuma palipoandikwa bikaboneti, atafute yenye miligramu 40 hadi 80 kwa lita, ayapike sambamba na yale ya bomba, asiguse kitu kingine.

Jioni nikapokea sauti yake kwenye simu: "Ndimu imefika! Na nyuma yake kuna kama chungwa." Nilicheka peke yangu gizani, mshumaa mkononi.

Kwa sababu chungwa hilo linajibu ni ndimu ipi. Uchachu wa maji yaliyokimbia haungekuwa na chungwa nyuma yake. Ile ndimu ni ya Kalehe, imo ndani ya punje, Baba mdogo ameipanda mwenyewe. Na alichosema ni kweli pia, neno kwa neno. Kwake wanakaanga kwenye kigae mpaka punje inakuwa nyeusi na kutoa mafuta, na moto wa namna hiyo unaivunja asidi ya sitriki. Kisha kinu, kisha sufuria inayochemka na tangawizi mpaka uchungu wote utoke. Yake haina ndimu. Ulimi wake ulikamata kwa funda moja tofauti ambayo mimi nimehitaji ziwa zima kuithibitisha, na sasa nikilirudia lile neno nasikia mtu anayeonja vizuri kuliko sisi wote.

Nataka akija tena nimwekee vikombe viwili kutoka mfuko mmoja: kimoja kilichokaangwa wastani, punje zikitolewa motoni muda mfupi baada ya mlio wa kwanza wa punje kupasuka kwisha, kingine cheusi kama anavyopenda. Vyote kwa gramu 15 na 250, vipoe dakika tano, sukari ikae mbali mpaka amalize kuonja. Sitamwambia kipi ni kipi. Mkaangaji wa mjini amekubali kunitenganishia.

Ningeendelea, lakini ukuta wa nyuma, ule wa upande wa bonde, umefungua ufa mwingine. Kidole kinaingia. Jirani wa chini anasema ni udongo unaokauka, fundi anasema ni msingi, na kila mmoja anataka mwingine alipe. Mvua za Septemba haziko mbali, saruji imepanda tena, na chumba kinachoegemea ukuta huo ni cha watoto.